Mume wangu anafuata bundi usiku, na posa ya binti yetu imesimama

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 48, naishi Lindi mjini, upande wa Mtanda. Nina kibanda cha madera na vitenge. Nimeolewa miaka 27, tuna watoto wanne, wawili wameshatoka nyumbani. Nakuandikia saa tisa za usiku kwa sababu mume wangu hayupo kitandani, na najua aliko. Yuko karibu na makaburi, chini ya mbuyu, anamsikiliza bundi.

Usicheke. Au cheka kwanza, halafu endelea kusoma.

Mume wangu ni mtunza ghala la mtu binafsi: mahindi, mbaazi, na ufuta ukifika msimu wake. Miaka minne iliyopita bundi mweupe, yule mwenye uso kama kopa ya karata, aliingia kwenye paa la ghala akatulia. Vibarua wakataka kumtoa kwa mawe. Mume wangu akawazuia, akasema tumwangalie kwanza. Baada ya miezi miwili magunia ya kutobolewa na panya yalipungua mpaka tajiri akamuuliza ni dawa gani ananunua. Basi hapo ndipo akili yake ilipohamia kwa bundi. Mpaka leo haijarudi.

Kumbe bundi akimeza panya, mifupa na manyoya havishuki, anavitapika vikiwa vimeviringana kama tonge. Mume wangu anayaokota hayo matonge. Ana kaunta buku ameandika tarehe, mahali, na kilichokutwa ndani. Siku ya kwanza kuliona jambo hili kwa macho yangu nilitoka kibandani jioni nikakuta sufuria langu la maziwa liko barazani. Ndani kuna maji ya uvuguvugu na kitu cheusi kinaelea, kama paka aliyezama. Pembeni kuna gazeti, na juu ya gazeti mafuvu manne ya panya yamepangwa mstari, kila moja kama punje ya korosho, meno ya mbele rangi ya machungwa. Baba watoto kavaa miwani, kashika kijiti cha kuchokolea meno. Akaniambia kwa furaha kabisa: “Mama, njoo uone, huyu wa tano si panya, ni kirukanjia!”

Shangazi, nililia. Yeye akadhani nimeshtuka tu, akanifunikia gazeti.

Mwaka jana aliagiza darubini ya mtumba kutoka Dar es Salaam, shilingi 160,000, wakati mlango wa bafu letu ni kipande cha kanga. Halafu akanunua tochi, akaifunga karatasi nyekundu eti bundi asisumbuke na mwanga. Sasa fikiria, mtu mzima wa miaka 57, saa nane za usiku, anatembea na taa nyekundu kuelekea makaburini. Wa kwanza kumwona alikuwa kijana wa bodaboda. Asubuhi yake mtaa mzima ulikuwa unajua.

Nikimuuliza kwa nini makaburini, ananijibu kama anajibu mtoto: “Mbuyu wenye tundu uko pale, mama. Ungekuwa sokoni ningekwenda sokoni.”

Si mlevi. Sijawahi kusikia habari ya mchepuko. Hajawahi kuninyanyulia mkono. Shoga yangu mmoja aliniambia wazi, “Heri angekuwa na mwanamke, hilo tungelielewa.” Nilicheka naye, lakini nilipofika nyumbani nikaona amesema kweli. Mwanamke ningepigana naye. Bundi napigana naye vipi?

Miezi mitatu iliyopita mtoto wa nyumba ya nne kutoka kwetu aliugua ghafla, akalazwa. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini zile siku alizolazwa, mama yake alikuwa akinipita bila salamu. Kwenye shughuli moja baadaye nilipeleka kashata, sahani kubwa, kama nifanyavyo siku zote. Sahani za wenzangu zikaisha. Yangu ikabaki vilevile, nikairudisha nyumbani imefunikwa kama nilivyoipeleka. Sikumwambia mume wangu. Niliila mimi na mdogo wetu siku tatu.

Na sasa limefika kwa mwanangu. Binti yetu wa pili amepata mchumba, kijana mzuri, wao ni watu wa Mtwara. Washenga walishakuja mara ya kwanza, tukakubaliana barua ya posa italetwa. Kijana ana shangazi yake hapahapa mtaani kwetu. Wiki iliyopita tumeletewa ujumbe: “Tunaomba tusubiri kidogo.” Hawakusema kwa nini. Binti yangu analia chumbani, baba yake anasema watu wazito wa maamuzi ni hivyo, tuwape muda. Hata hajajiuliza!

Juzi kuna jambo nililifanya ambalo sijamwambia mtu. Nilikwenda sokoni nikanunua sumu ya panya. Nilijisemea, nikiitega pale ghalani bundi atakula panya waliokula sumu, atakufa, na haya yote yatakwisha. Kipakti kiko kabatini nyuma ya vikombe vya wageni. Kila nikichukua kikombe nakiona.

Wakati mwingine namtazama anavyoandika kwenye daftari lake namwona kijana niliyeolewa naye. Juzi kaniambia, “Mama, twende Rondo tukalale siku mbili, kuna bundi wa msituni dume na jike huitikiana.” Miaka 27 safari zetu za pamoja ni misiba na harusi, leo ananialika, na mwaliko wenyewe ni kwa bundi. Nilimwambia sina nafasi.

Shangazi, nimwambie achague, mimi au bundi? Au niende kwa shehe akamsomee? Dada yangu anasema mtu hawezi kumpenda bundi hivi hivi bila kuingiliwa na kitu.

Mama wa Mtanda, Lindi

*

Marahaba, mwanangu.

Nimecheka, kwa ruhusa yako, pale kwenye kirukanjia. Nilipofika kwenye kile kipakti nikaacha.

Kitoe kabatini leo, kabla hujamaliza kusoma. Sumu nyingi za panya za siku hizi huzuia damu isigande. Panya hafi palepale; anazunguka siku kadhaa akiwa amelegea, na panya aliyelegea ndiye mwepesi kukamatwa. Atamla bundi, atamla na paka wa jirani. Wewe ambaye tayari sahani yako ya kashata haiguswi, hebu fikiri siku paka wa mtu atakapokufa na kipakti kikaonekana kwako, kabatini, nyuma ya vikombe. Na mumeo? Mtu anayefumua tonge kwa kijiti akahesabu meno, unadhani bundi wake akianguka chini atashindwa kujua alichokula?

Nakwambia hili kwa sababu nimelifanya. Marehemu mume wangu alikuwa na saa za ukutani kumi na nne, na hakukuwa na mbili zilizokubaliana. Zikigonga saa sita, zilianza saa sita kasorobo zikamaliza saa sita na robo. Siku moja alipokwenda Newala nikampa mtu wa chuma chakavu moja, ile mbovu kabisa, nikijua hataiona. Aliiona kabla hajavua viatu. Hakugomba. Alikaa siku tisa ananijibu “ndiyo” na “hapana”, na siku ya kumi akaniambia, “Ungeniambia zinakukera, ningezihamisha.” Sikuwahi kumwambia! Miaka yote nilikuwa nanung'unika kwa dada zangu, kwa majirani, kwa Mungu. Yeye mwenyewe sikuwahi kumkalisha.

Sasa nikuulize. Katika barua yako yote, umeniambia mimi habari ya kashata. Umeniambia habari ya yule mama asiyekusalimia, na habari ya shangazi wa kijana. Mumeo anajua lipi katika hayo? Anajua ulilia kwa sababu ya mafuvu, na kwa akili yake akaona dawa ni kufunika gazeti. Hilo la mtaa hajaambiwa. Anaamka, anakwenda ghalani kwa watu waliokwishamzoea, anarudi, anafungua daftari. Wewe ndiye unayekaa kibandani kutwa na wateja, unayekwenda kwenye shughuli, unayepita mlangoni kwa watu. Bundi ni wake, lakini anayeulizwa habari za bundi ni wewe. Yeye raha anaipata usiku, na deni lake unalilipa wewe mchana, kidogo kidogo, na hajui kama kuna deni.

Ndiyo maana swali lako la “mimi au bundi” silipendi. Ukimwambia achague, atakuchagua wewe, nina hakika, mtu wa namna hiyo atakuchagua. Atafunga daftari, ataiweka darubini juu ya kabati, na utaishi na mzee aliyenyamaza. Na majirani hawataacha. Watasema ameacha kwa sababu amebanwa, kwa hiyo kweli kulikuwa na kitu.

Nije kwa bundi mwenyewe, maana sitaki ujione mjinga kwa kumwogopa. Mimi ni mzaliwa wa Mikindani. Bundi akilia juu ya paa letu bibi alikuwa akitoka nje kwa kanga moja anamtukana matusi ambayo mchana angetupiga tukiyasema. Mpaka leo nikimsikia nywele zinanisimama. Lakini uzee umenipa nafasi ya kufikiri. Bundi anakaa palipo na panya, na panya wanakaa palipo na chakula cha watu, kwa hiyo bundi hakai mbali nasi hata siku moja. Analia usiku wote, mwaka mzima. Ni nani aliye macho saa nane za usiku kumsikia? Ni yule anayemuuguza mgonjwa. Nyumba zisizo na mgonjwa zimelala, hazikumsikia, na asubuhi hazina cha kukumbuka. Mgonjwa akifa, aliyekesha anasema, “Nilimsikia bundi.” Anasema kweli, alimsikia. Kama angekuwa anakesha kila usiku angemsikia siku nyingine mia na hakuna aliyekufa.

Haya mengine mumeo anayajua kuliko mimi. Yule wake mweupe haungurumi hata, anapiga ukelele kama kitambaa kinachochanwa, ndiyo unaokutisha. Akiruka husikii kitu kwa sababu ncha za manyoya ya mbawa zake zimechanuka kama kitana, zinakata upepo bila sauti. Masikio yake hayako usawa mmoja, moja liko juu kidogo, kwa hiyo anajua panya yuko wapi gizani kwa kusikia tu. Kule Malaysia wenye mashamba ya michikichi huwatengenezea bundi wa aina hiyo masanduku ya kutagia, wanawatafuta wakae. Na kwetu Kusini, sisi tunaomla panya wa shambani na ugali tukamwita samaki nchanga, leo tunamnyooshea bundi kidole kwa kula chakula hichohicho?

Lakini kumjua bundi hakumtoi mumeo kwenye lawama. Kuna mambo anayakosea na nataka ayasikie, kutoka kwako.

La kwanza ni makaburi. Usiku, peke yake, na tochi nyekundu. Hapa sina utani. Nchi hii watu wameuawa kwa macho mekundu ya moshi wa kuni; huko Kanda ya Ziwa vikongwe wangapi tumewazika? Yeye anaona mbuyu wenye tundu. Kijana aliyetoka kunywa anaona kitu kingine, na kijana huyo ana jiwe mkononi na wenzake nyuma. Mumeo aende kwa mwenyekiti wa mtaa mchana kweupe, kavaa shati lake zuri, aseme mimi fulani huwa natoka siku fulani na fulani, naangalia ndege, hili ndilo daftari langu. Amweleze na mjumbe wa nyumba kumi, na wale vijana wa ulinzi. Asiende peke yake tena. Kama hana mwenzake, asiende. Na ajue pia kuwa Sheria ya Uchawi ipo tangu mwaka 1928, na kosa ndani yake si la mchawi tu: anayemtaja mwenzake kuwa mchawi naye anaweza kushitakiwa. Sisemi mkamshitaki mtu. Nasema mwenyekiti akishayasikia haya kutoka kinywani kwa mumeo, siku ya maneno atakuwa na la kujibu.

Nikiwa hapo hapo: asije siku moja akakuletea kinda la bundi kwenye boksi eti limeanguka. Ndege wa porini hafugwi bila kibali cha watu wa wanyamapori. Mwambie mapema, maana kwa jinsi ulivyomweleza, siku hiyo inakuja.

La pili ni nyumba. Matonge yana manyoya ya panya, yana uchafu wa panya, hayaingii kwenye chombo cha chakula. Ayafanyie kazi ghalani, au mtengenezee meza nyuma ya nyumba, na ndoo yake, na sabuni yake. Pesa nayo iwe na kipimo. Kabla ya kitu kingine chochote cha bundi, mlango wa bafu. Hayo ni madai ya haki na wala huhitaji kumchukia bundi kuyadai. Mwambie kama unavyodai ada ya shule.

Lakini la kashata lianze kabla ya hayo yote. Usimwambie akiwa amevaa miwani na kijiti mkononi, hatasikia. Somo yako alikufunda kumpokea mume akirudi safari, hakukufunda kumpokea akirudi saa kumi alfajiri kutoka makaburini, kwa hiyo hili utalibuni mwenyewe. Mimi ningechagua Ijumaa baada ya chakula cha mchana, watoto hawapo. Na ningeanza na sahani. “Baba, unakumbuka ile shughuli? Kashata zangu hazikuliwa.” Usiongeze kitu hapo. Mwache aulize kwa nini. Mwanamume anayejua kumsubiri bundi saa tatu bila kukohoa ana subira ya kutosha, tatizo ni kwamba hujawahi kumpa jambo lako alisubirie. Akishasikia la kashata mpe na la mtoto aliyelazwa, halafu la posa. La sumu je? Hilo ningemwambia pia, ila si siku hiyohiyo.

Sasa posa, maana najua huko ndiko roho yako iliko. Hao watu wa Mtwara hawajakataa. Waliokataa hawaombi kusubiri. Hurudisha maneno kwa mshenga yakaisha. Wamesikia kitu, hawajui wamuulize nani. Msimtume shoga akasafishe, wala msimfuate yule shangazi wa kijana mlangoni kwake kumsuta, kusutana kutawapa mtaa wimbo wa mwaka mzima. Mumeo mwenyewe aongee na mshenga wenu, aombe kuonana na baba wa kijana, wazee wawili tu. Aende Mtwara. Na abebe lile kaunta buku. Ndiyo, abebe! Amwonyeshe: tarehe, magunia mangapi yalitobolewa kabla, mangapi baada. Mzee wa Kusini aliyewahi kuweka mahindi au mbaazi ndani anajua panya ni nini. Ataelewa hesabu ya magunia kabla ya kuelewa neno lolote kuhusu mbawa. Na wakisikia haya kwa baba wa binti, uso kwa uso, wakaona bado hawataki? Basi ni heri wamekataa kabla ya mahari kuliko kuja kumnong'ona mwanao jikoni kwao kila mtoto akipata homa.

Kwa shehe nenda ukitaka, nani atakuzuia. Nendeni wote wawili mkaombewe dua ya nyumba na ya binti yenu. Lakini kumpeleka yeye peke yake akasomewe kama mwenye jini, hapana. Jirani akiona mke mwenyewe kampeleka mumewe kusomewa, atakuwa amepata shahidi. Na dada yako umwambie mtu anaweza kupenda kitu hivi hivi. Wapo wanaojua majina ya wachezaji wa timu ya Uingereza mpaka wa akiba, na hatujasema wameingiliwa.

Nimeiacha Rondo mwisho kwa makusudi. Umeitaja kwa mistari miwili, kwa uchungu, eti mwaliko wenyewe ni kwa bundi. Mimi nimeisoma mara tatu. Mtu mwenye siri hamwiti mkewe aje aione. Ule msitu ni hifadhi ya mazingira asilia, watu wanatoka Ulaya kuja kuangalia ndege mle, na wewe unaishi Lindi hujakanyaga. Yupo komba mle ambaye jina lake la kisayansi limetokana na Rondo yenyewe, mdogo, uzito wake kama yai la kuku, na ni miongoni mwa jamaa wa nyani walio hatarini kutoweka duniani. Sisi komba tunamkumbuka tu tukimsema mlevi.

Nenda. Si lazima umpende bundi, mimi mwenyewe simpendi. Mpe masharti: mtakwenda wawili, mtaripoti kwa watu wa misitu ili mpate kibali na mtu wa kuwaongoza, mtalala mahali penye mlango. Beba sweta, kule juu kuna baridi, na chupa ya chai ya tangawizi. Akikwambia “nyamaza, sikiliza”, nyamaza. Utasikia mmoja analia upande huu na mwingine anamjibu ng'ambo, na pengine utaogopa. Mshike mkono, giza litawasitiri. Halafu muulize lile ambalo hujamuuliza tangu miaka minne: siku ile ghalani, wenzako wameshaokota mawe, wewe uliona nini? Nina hamu ya jibu, niandikie.

Na lile sufuria la maziwa usilirudishe jikoni, hata ukilisugua kwa mchanga na ndimu. Limeshakuwa lake. Akununulie jingine, lenye mfuniko, kwa pesa yake.